Mtoto Asiyesalimia

Kwetu Mathira mtoto hupimwa kwa salamu. Mgeni akiingia uani, hata kabla hajasogezewa kigoda, watoto huitwa waje wampe mkono, na yule anayekuja bila kusukumwa husifiwa kwamba kwao kuna malezi. Mjukuu wangu hasalimii. Ana miaka tisa, ana usonji, na mgeni akimnyooshea mkono yeye huitazama saa iliyofungwa kwenye mkono huo. Mshale wa sekunde ukimpendeza atausogelea mpaka pua iguse kioo. Hapo ndipo wageni hugawanyika. Wapo wanaocheka na kumwachia saa. Wapo wanaonigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba yeye hasikii, ikiwa ni kweli tunampeleka shule, na akifika huko hufanya nini.

Nimefundisha Kiswahili na Elimu ya Dini ya Kikristo katika shule za msingi za umma hadi nikastaafu, kwa hiyo swali hilo la kwenda shule kufanya nini si geni masikioni mwangu. Nililisikia likiulizwa kuhusu wasichana. Nililisikia kuhusu watoto wa vibarua wa kahawa. Safari hii linaulizwa kuhusu mtoto aliyebeba jina la marehemu mume wangu, na nimeona heri nilijibu kwa kalamu, maana nikilijibu uani huwa mkali na chai hupoa.

Anayeuliza si mtu mbaya. Mara nyingi ni mwanamke wa rika langu, tumetoka naye misa, na kwenye kiondo amenibebea ndizi. Lakini chini ya swali lake lipo jingine ambalo adabu inamzuia kulitamka: mtoto asiyeitika akiitwa, asiyemtazama mtu usoni, asiyeonyesha haya wala fahari, ni mtu kiasi gani?

Swali hilo lina wazee wake. John Mbiti, mwana wa Kitui, alieleza mwaka 1969 katika kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba kwetu mtu hajijui akiwa peke yake; yupo kwa sababu wenzake wapo. Sidhani kuna mwalimu wa dini nchini Kenya ambaye hajaiandika fikra hiyo ubaoni. Mwaka 1984 Mnigeria Ifeanyi Menkiti aliivuta mbele zaidi. Kwake yeye mtu hazaliwi na utu uliokamilika; huufikia kwa kuingia katika jamii, kubeba wajibu na kupanda madaraja ya umri, na yupo anayeweza kushindwa kuufikia. Kwame Gyekye wa Ghana akampinga: binadamu ni mtu tangu mwanzo, na jamii humkuza mtu ambaye tayari yupo. Kwa kijana wa chuo ubishi huo ni wa kutafutia alama. Kwa bibi mwenye mjukuu asiyesalimia ni jambo la leo na kesho, kwa sababu kuna walimu wakuu na wanabodi wa shule ambao hawajawahi kulisikia jina la Menkiti na bado huamua kama yeye.

Mimi niko upande wa Gyekye, na ushahidi wangu siutoi chuoni. Nautoa kwenye majina. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, wa pili jina la baba wa mama yake, na wasichana vivyo hivyo kwa upande wa nyanya zao. Jina la mjukuu wangu lilikuwa likimngoja tangu baba yake alipokuwa bado ananyonya. Aliletwa nyumbani kutoka hospitali akiwa mwekundu na mwenye kelele, na papo hapo akawa mtu wa heshima: mimi namwita mzee wangu, na mama yake akitaka kumkaripia hupunguza sauti, kwa sababu anamkaripia baba mkwe. Hakuna mzee hata mmoja wa ukoo aliyesema tungoje kwanza tuone kama atasalimia. Nafasi ilitangulia, sifa zikaachwa zije au zisije. Watu wanaotoa majina namna hiyo hawawezi kusema bila kujipinga kwamba nafasi ya darasani ni lazima itanguliwe na uthibitisho.

Hata hivyo minong'ono ilikuja. Alipofika miaka mitatu bila neno, mama yake, ambaye huuza nguo za mitumba soko la Karatina, aliambiwa na mhubiri mmoja kwamba katika ukoo wetu kuna kirumi, laana ya mzazi aliyekufa na kinyongo, na kwamba familia ifunge, ikeshe, ikatubu kwa jina la aliyekosewa. Alirudi nyumbani amevimba macho. Nilimfungulia Injili ya Yohana, sura ya 9. Nimeifundisha sura hiyo mara nyingi, na darasani watoto hukumbuka mate na tope, husahau swali la mwanzo. Wanafunzi wa Yesu wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na kabla ya kumwuliza mtu mwenyewe hali yake wanataka kujua dhambi ilikuwa ya nani, yake au ya wazazi wake. Yesu anakataa majibu yote mawili. Mazungumzo anayaondoa kwenye ukoo na kuyapeleka kwenye kazi iliyopo mbele, nayo ni kazi ya kufanywa mchana ungalipo.

Tusidhani laana ni ushamba wa mlimani. Leo Kanner alipoueleza usonji mwaka 1943 huko Marekani, haikupita muda mrefu kabla ya wataalamu kuwalaumu akina mama kwamba waliwanyima watoto wao joto la mapenzi, na Bruno Bettelheim akaieneza fikra hiyo mwaka 1967 katika kitabu kilichosomwa na wengi. Hicho nacho kilikuwa kirumi, tofauti ni koti jeupe tu. Leo inajulikana kwamba usonji unatokana na jinsi ubongo unavyokua tangu mapema, na kwamba urithi wa mwili una sehemu kubwa. Mama mkali hauleti, wala chanjo, wala mzee aliyezikwa na kinyongo.

Kuna jambo jingine ambalo limenikalia moyoni. Eneo hili lina kanisa kila kilima, na makanisa hayo yalijenga shule za watoto wenye ulemavu zamani sana. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya vipofu Thika mwaka 1946. Tumutumu, ambapo naweza kufika kwa miguu, kuna shule ya viziwi ya kanisa la PCEA. Kaaga kule Meru wana ya viziwi, Kerugoya vilevile, na Igoji wana Mtakatifu Lucy ya vipofu. Dhana yangu, na ni dhana ya mwalimu wa dini tu, ni kwamba wamisionari walijenga wakiwa na Injili mkononi. Kipofu yumo, kiziwi yumo, aliyepooza yumo. Kila mmoja alijengewa. Mwenye usonji ukimtafuta kwa jina hayumo. Na kama yumo, basi huenda amechanganywa na wale walioambiwa wana pepo, na ndiyo sababu mtoto kama wangu alipelekwa kwa mhubiri kabla ya kupelekwa kwa mwalimu. Ni hadi mwaka 2003 ambapo wazazi wenyewe walijikusanya Nairobi na kuanzisha Chama cha Usonji cha Kenya, na kitengo chao kikapata mahali katika shule ya umma, City Primary pale Ngara.

Mwaka huohuo wa 2003 ndio uliokuwa wa Rais Kibaki. Mtu huyo wa Othaya aliapishwa tarehe 30 Desemba 2002, na Januari shule za msingi zikawa bila karo. Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Nchi nzima watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka madarasani. Nilikuwa kazini. Walikuja wavulana wenye sauti nzito kukaa darasa la kwanza, wakaja wasichana waliokuwa wameajiriwa kulea watoto, wakakaa chini kwa sababu madawati hayakutosha, na tukafundisha. Tulisema wote wameingia. Sikumbuki nikimwona hata mmoja wa wale waliofungiwa nyuma ya nyumba, na kila kijiji kilikuwa nao. Bure haikuwatoa. Kilichowazuia hakikuwa karo tangu mwanzo.

Na sisi wa huku tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hilo. Mwaka 1929, misheni zilipowataka Wakikuyu watie kidole gumba kwenye kiapo cha kuachana na tohara ya wasichana, waliokataa walifungiwa watoto wao mlango wa shule. Mimi tohara hiyo siitetei hata kidogo, na nashukuru imepigwa marufuku. Nasema juu ya mlango. Wazee wetu waliona kwamba mtoto hawezi kulipia kwa kitabu chake ugomvi wa watu wazima, wakachanga, wakajenga shule zao wenyewe za matope na nyasi, mpaka serikali ya mkoloni ilipozifunga mwaka 1952. Wajukuu wa watu waliojenga hivyo ndio leo wanaokaa kwenye bodi na kusema huyu apelekwe kwingine.

Kwingine ni wapi? Niwaeleze tulikopita, kwa sababu wengi hawajui hata pa kuanzia. Tangu mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark mwanzoni, Kenya ina vituo vya tathmini na rasilimali za elimu, ambavyo walimu huviita kwa herufi zake, EARC. Mara nyingi ni chumba kimoja au viwili katika ua wa shule ya msingi, na kibao chake kimefifia. Mtathmini ni mwalimu wa serikali aliyesomea elimu maalum. Wetu alimkalisha mtoto sakafuni, akamwaga vizibo vya chupa, akanyamaza na kutazama kwa muda mrefu kuliko nilivyomwona daktari yeyote akimtazama. Kisha akamwuliza mama yake mambo ya nyumbani: analala vipi, anakula nini, anakimbilia wapi akiogopa. Mwishoni aliandika barua ya kupendekeza mahali pa kusomea.

Mahali penyewe ni pa namna chache. Mtoto anaweza kubaki darasa la kawaida akisaidiwa. Anaweza kuingia kitengo maalum ndani ya shule ya kawaida, wenye usonji wakichanganywa mara nyingi na wenye ulemavu wa akili, kwa sababu kitengo cha usonji peke yake ni nadra huku kwetu. Anaweza kwenda shule maalum, na nyingi ni za bweni. Mtaala wa umilisi, ulioanza kwa majaribio mwaka 2017, uliongeza njia ya wale wasioweza kufuata gredi kwa gredi: wanapanda kwa hatua, kuanzia msingi, kisha kati, kisha maandalizi ya ufundi, kisha ufundi wenyewe. Kwenye karatasi ni njia nzuri. Naisifu hasa kwa sababu imekuja pamoja na kifo cha mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Kwa karibu miaka arobaini mtihani ule ulimfanya mwalimu mkuu kumwona mtoto kama wetu kwa jicho moja tu, la wastani wa shule. Mtoto wa kushusha wastani alikuwa na mlango wake, nao ulikuwa ule wa kutokea.

Tulichagua kitengo maalum katika shule ya jirani. Darasa lilikuwa stoo zamani. Mwalimu alikuwa kijana wa kutoka Kirinyaga, aliyejisomesha katika Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, ile KISE ya Kasarani iliyoundwa mwaka 1986, akienda wakati wa likizo wenzake walipokuwa wakichuma chai yao. Nilienda mara nyingi kukaa nyuma ya darasa lake, nikiwa na kisingizio cha kuleta kuni za jikoni.

Acha nieleze nilichokiona, kwa sababu falsafa bila darasa ni porojo. Ukutani alikuwa amebandika picha zilizokatwa kwenye kalenda za zamani: viatu, vizibo, kikombe cha uji, mpira, choo, sahani, lango. Mtoto akimaliza jambo moja anaigeuza picha yake ukutani. Mjukuu wangu, ambaye nyumbani hugaragara chini shughuli ikibadilika ghafla, pale aliinuka mwenyewe, akageuza kikombe, akaenda kwenye mpira. Saa ya chakula ilikuwa githeri. Yeye hali vyakula viwili vilivyochanganyika. Huitenga githeri, punje ya mahindi huku, haragwe huku, mpaka vyote vimepoa. Nyumbani tulimpigia kelele. Mwalimu alimpa sahani mbili. Juma lililofuata aliziandika namba kando ya sahani, na hesabu ikaanzia hapo, kwenye githeri, haragwe moja namba moja. Kisha mvua. Nani asiyeijua mvua ya Aprili juu ya mabati? Darasa la kawaida husimama, walimu hupumzika, watoto hufurahi. Huyu aliziba masikio na kuingia chini ya meza akilia kama anayechomwa. Mwalimu alimshonea boshori kwa ndani kitambaa cha fulana, kwa kuwa sufu humchoma, na wingu likionekana upande wa Nyandarua alimvalisha mapema. Sweta la shule nalo lilikuwa na vita vyake. Mtoto hakulivumilia shingoni, na sare ni sare. Mwalimu alienda ofisini akatoka na ruhusa ya shati la pamba la rangi ileile, hata Julai, ukungu ukiwa umekaa juu ya majani chai hadi saa tano na sisi wengine tukitetemeka.

Sikuona muujiza. Mtoto hakuanza kuhutubia. Nalitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu nachoshwa na hadithi za wenye usonji wanaokokotoa tarehe za miaka mia ijayo au kupiga kinanda bila kufundishwa. Wapo, Mungu awabariki. Lakini hadithi hizo husimuliwa ili kumlipia mtoto kiingilio: mwacheni akae, huenda ni gwiji. Na asipokuwa gwiji? Mjukuu wangu hana kipaji cha ajabu. Anapenda mshale wa sekunde na anajua mahindi si maharagwe. Nikimtetea kwa faida atakayoileta, siku faida isipoonekana nitakuwa nimempa bodi kamba ya kumfungia nje. Naona afadhali nisiseme lolote juu ya faida.

Nyeri ina mwanamke ambaye watu huku humwita Nyaatha, mama wa huruma. Irene Stefani alikuwa mtawa wa Konsolata kutoka Italia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliwauguza wapagazi, kisha kuanzia mwaka 1920 akakaa Gikondi, Mukurwe-ini, akitembea kilima kwa kilima na kuingia nyumba ambazo hakuna aliyekuwa akiziingia, hadi alipoambukizwa tauni na mgonjwa aliyemuuguza, akafa tarehe 31 Oktoba 1930. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa mwenyeheri hapa Nyeri, katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, na umati ule ulikuwa mkubwa mno. Nikimfikiria yule mwalimu na boshori lake, ni Nyaatha ninayemwona. Hakuna waraka wa wizara uliomwamuru ashone.

Ndipo akahamishwa. Walimu huhamishwa, nami nilihamishwa nikiwa kazini, silalamikii hilo. Alikwenda na uzi wake na sindano yake, na mwishoni mwa muhula kitengo kilikuwa na kufuli, ndani yake magunia ya mahindi. Watoto wake walitawanywa. Wawili walibaki nyumbani. Wangu alirudishwa darasa lenye watoto zaidi ya hamsini, akakalishwa karibu na mlango, akapewa kalamu ya rangi anyamaze. Picha za ukutani zilibanduliwa ili bati la zamani litundikwe pale.

Kwa hiyo nikilinganisha huruma na haki, sitoi mahubiri. Huruma ilimwona mtoto wangu, ikamjua kwa masikio yake na shingo yake, jambo ambalo sheria haina macho ya kulifanya. Lakini huruma ilikuwa na namba ya ajira, na namba ilipopelekwa kaunti nyingine, huruma ikaenda. Kilichotusaidia baadaye kilikuwa kikavu zaidi. Wazazi tuliandika barua kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Tulitaja Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Tulitaja Kifungu cha 54, kinachompa mwenye ulemavu heshima na nafasi katika taasisi za elimu zilizounganishwa na jamii, kadiri inavyofaa maslahi yake. Tukaambatanisha barua za mtathmini, kila moja na nakala yake. Mwanamke mmoja aliyekuwa hajui kusoma aliniambia nimsomee Kifungu cha 54 mara mbili, kisha akaweka kidole gumba kwenye karatasi kwa nguvu mpaka ikachanika kidogo. Mwalimu mwingine aliletwa mwaka uliofuata. Ni mtu wa kawaida, hana uzi wala sindano, lakini kitengo kiko wazi.

Kuhusu yale maneno ya kadiri inavyofaa maslahi yake, mimi na mwanangu hatupatani. Yeye husema darasa la watoto hamsini chini ya mabati si maslahi ya mtoto huyu hata kidogo, na heri shule maalum ya bweni, huko kuna wataalamu. Ana hoja, kumkalisha mtoto mahali anapoteseka kisha kuita hali hiyo ujumuishi ni unafiki, na sera ya serikali ya mwaka 2018, inayopendelea elimu jumuishi, haikufuta shule maalum. Lakini mtoto wa miaka tisa asiyeweza kusema nani amempiga, nimpeleke kulala kwa wageni wiki kumi na tatu? Na akirudi likizoni, nani kijijini atamjua? Maslahi ya mtu ni pamoja na kufahamika kwao. Mwendesha bodaboda wa hapa njiani anajua kwamba huyu hukimbilia mtoni akiogopa kelele, na amemrudisha. Hilo halifundishwi bwenini. Nimeshinda kwa sasa, kwa sababu ninaishi karibu na shule na nina nguvu za kumsindikiza. Bibi mwingine aliye Naro Moru, mbali na kitengo chochote, ana haki ya kuamua tofauti nami sitamhukumu.

Kanisani nako swali liliibuka kwa sura yake. Wenzake walipoanza mafundisho ya komunyo ya kwanza, katekista alisema mtoto asiyeweza kukariri sala hawezi kupokea. Nilimwelewa, nami nimekaririsha watoto maisha yangu yote. Ila mafundisho ya Kanisa ni mapana kuliko daftari la katekista. Tangu karne ya 13 Tomaso wa Akwino alikuwa ameshasema kwamba wasiokuwa na matumizi ya akili tangu kuzaliwa wabatizwe kwa imani ya Kanisa, kama watoto wachanga wanavyobatizwa. Papa Pius wa Kumi alipoteremsha umri wa komunyo mwaka 1910 hakudai mtoto ajue kila kitu. Alitaka atofautishe mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Na sheria ya Kanisa ya 1983 inamtaka paroko ahakikishe wenye ulemavu wa mwili au akili wanafundishwa kadiri ya hali yao. Padre alikuja nyumbani, akanywa chai, akauliza jambo moja: je, anatofautisha? Nilicheka nikashindwa kujizuia. Huyu mtoto anatambua mkate wa duka hili na wa duka lile akiwa gizani, na ukimpa usio wake anautema. Alipokea siku ya kawaida ya juma, misa ya asubuhi isiyo na ngoma wala vipaza sauti. Hakusema amina. Alitazama saa ya padre.

Naona shule na altare zina ugonjwa mmoja: zote mbili zimezoea kudai ujuzi mlangoni kutoka kwa mtu anayekuja kuutafuta ndani. Altare ina udhuru mdogo, kwa kuwa maandiko yake yenyewe yanaikanusha. Shule ya umma ina udhuru mdogo zaidi, kwa kuwa imejengwa kwa kodi ya mama anayeuza mitumba, na hakuna mkusanya kodi aliyewahi kumwuliza kama mwanawe anasalimia.

Sasa niongee na wawili. Wewe uliye kwenye bodi ya usimamizi ya shule ya umma, Karatina, Chuka, Nanyuki au popote, mkutano ujao muulize mwalimu mkuu shule ina walimu wangapi waliosomea elimu maalum, na akihamishwa mmoja nani atakayeshika darasa lake. Jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, tarehe na jina. Nawe uliye na mtoto ndani ya nyumba kwa sababu ya maneno ya watu, mtoe. Nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, ulizia kituo cha tathmini kilipo, beba cheti cha kuzaliwa na kitabu cha kliniki. Omba barua ya mapendekezo iliyotiwa muhuri. Toa nakala tatu. Moja mpe mwalimu mkuu akusainie kwamba ameipokea, moja iache ofisini, na ya tatu usimpe mtu yeyote.